Mama Alikuwa Kwako Mwezi Ule

9 Aprili

Wifi yangu,

Naomba barua hii ikukute umesimama, maana mimi ninayeiandika nimelala chali na karatasi nimeiegemeza kwenye sinia. Ukiona mwandiko unapanda kama unatafuta dari, ujue sijalewa. Kaka yako mzima, anaendelea na ufundi wake wa mafriji. Juzi ameleta moja humu ndani kulitengeneza, linanguruma kutwa kucha, na nikimwambia alizime ananijibu ati ndiyo kwanza limepona. Mama hajambo. Miguu yake bado imegoma, lakini mdomo unafanya kazi ya miguu pia. Tumetenganishwa na ukuta tu: yeye akikohoa mimi naitikia, mimi nikigumia yeye anacheka. Wagonjwa wawili katika nyumba ya mwanamume mmoja asiyejua foronya inavalishwa upande gani.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Nimepiga, wifi. Simu unaikata. Barua huwezi kuikata.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mgongo wangu uliniacha mwezi wa pili, lakini hujui uliniachaje. Wodi ya wanaume, mgonjwa mmoja mnene, mtu wa adabu sana, anatuomba radhi kwa uzito wake. Kumhamisha mtu kama yule kutoka kitandani hadi kwenye machela huwa tunakuwa wahudumu wanne. Tunashika shuka alilolalia, kila mmoja pembe yake, na wa kichwani anaita: “Tayari?” Wote tunajibu, ndipo tunanyanyua. Asiyejibu, hakuna kunyanyua. Siku hiyo tulikuwa wawili, kwa sababu wenzetu walipunguzwa mwaka jana kama matawi ya uzio. Nikamwambia metroni tusubiri watu wa wodi ya pili. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akasema, “Wewe peke yako ni watu wawili.” Wakacheka. Na mimi, mpumbavu, nikacheka nao, maana mwili huu nimeutania mwenyewe miaka mingi hadi watu wameufanya mali ya umma. Tukanyanyua. Mgonjwa akafika salama. Mimi nikabaki palepale nimeinama, natazama viatu vya metroni, siwezi kurudi juu.

Wameniachisha kazi. Wanasema mgongo sikuuumizia kazini, niliuharibu nyumbani kwa kumbeba mama mkwe, pale wodini ulikuja kumalizikia tu. Kuna mtu mwenye mdomo mtamu aliyewaambia kwamba kila asubuhi namnyanyua mama kitandani. Ni kweli namnyanyua. Lakini si mwezi ule. Mwezi ule wote mama alikuwa kwako. Ulimwomba mwenyewe, ukasema nipumzike kidogo, nami nikakusifia mtaa mzima. Wakubwa wa hospitali nimewaambia. Wamejibu kwamba hilo ni neno langu, nilete neno la aliyekaa naye. Mwenzangu niliyenyanyua naye bado ana kazi, kwa hiyo amesahau.

Basi andika mistari miwili, wifi: mama alikuwa kwangu tangu mwisho wa Januari hadi mwanzo wa Machi, na mimi ndiye niliyemhudumia. Weka sahihi. Wamenipa hadi mwisho wa Juni kukata rufaa. Nisiporudi sasa sitarudi tena. Nani atamwajiri mwanamke wa umri wangu anayevaa mkanda wa mgongo kama farasi?

Mama anakusalimu. Anasema saluni yako isikusahaulishe kula.

Wifi yako, wa kulala


12 Mei

Wifi kipenzi,

Barua yako ilinifikia, na pole imenijaa hadi kooni. Mgongo si kitu cha kuchezea. Kuna mteja wangu mmoja alipona kwa kulala sakafuni na kusimamisha miguu ukutani. Jaribu, ila mwambie kaka awepo wa kukushusha. Nimemfungia mama kitambaa cha kichwa, cha kijani, kipo humu na barua. Huku mimi sina muda hata wa kujikuna. Mashine moja ya kukaushia nywele imeungua, na msichana aliyekuwa ananisaidia kaolewa bila kuniaga. Nasimama tangu asubuhi, hata mimi huo mgongo unaninong’oneza.

Lile jambo nitaliangalia. Tarehe zinanichanganya kidogo, si unajua mimi na tarehe. Lakini wifi, nikuulize kama mtu wako wa ndani. Kazi yenyewe ya kunyanyua watu, kubadilisha watu nguo, kunuka dawa hadi kwenye nyusi, uliipenda kweli? Huenda Mungu amekuondoa mahali. Pumzika. Kaka hawezi kushindwa kukulisha. Kushindana na wakubwa kutakuongezea ugonjwa bure.

Mbusu mama. Usimchoshe na mambo haya, mzee yule.

Wifi yako akupendaye


19 Mei

Wifi yangu,

Hatujambo. Kitambaa kimefika na mama amekivaa siku tatu mfululizo, anaulizia kioo. Kusimamisha miguu ukutani nimejaribu. Kaka yako alikuwa dukani, nikakaa hivyo hadi aliporudi, na alipofungua mlango alifikiri nimekufa vibaya.

Sasa nisikilize. Umeniuliza kama niliipenda kazi. Niliipenda. Kuna mtu anakaa kitandani mwezi mzima hajaona kitu ila dari, unamgeuza ubavu, unamwekea mto mgongoni, anaona dirisha na mti na mtu anapita na baiskeli, na anakwambia asante kama umempa nyumba. Wewe ukimsuka mtu akajitazama kiooni akatabasamu, unaipenda kazi yako au hupendi? Basi usiniambie Mungu ameniondoa. Aliyeniondoa namjua, ana ofisi ghorofa ya kwanza na kalamu tatu mfukoni, na hata siku moja hajawahi kuandika kwa zaidi ya moja.

Nilikuficha aliyesema maneno yale. Sikutaka uje kugombana naye, maana ni wa kwenu. Ni kaka yako.

Huyo Kalamu Tatu alikuja kunijulia hali, na matunda kwenye mfuko. Mimi niko chumbani, wao sebuleni, mlango wazi. Kaka yako kafurahi kupata mgeni wa ofisini, akakaa wima. Nikamsikia anasema, “Huyu mke wangu, bwana, usimwone vile. Ana nguvu za ajabu. Mama yangu haendi kwa miguu, na kila asubuhi huyu anamnyanyua, anamweka kitini taratibu kama anaweka maua mezani.”

“Kila asubuhi?”

“Kila siku ya Mungu. Sijawahi kumsikia akilalamika.”

“Hongera,” akasema Kalamu Tatu. “Na ni mzito, mama?”

“Mzito, kwani mimi nilizaliwa na nani?”

Wakacheka wote. Na mimi huku ndani, wifi, nilikuwa natabasamu peke yangu kama msichana. Ndoa yetu yote sijawahi kusifiwa mbele ya mgeni, na siku niliyosifiwa ndiyo iliyonifukuzisha kazi. Hakukumbuka kutoa ule mwezi mmoja. Nani anatoa mwezi katika sifa? Barua ya kuniachisha ilipofika na maneno yake yameandikwa humo karibu kama alivyoyasema, aliisoma akiwa amesimama, akaenda kujifungia na friji lake hadi jioni. Mimi hasira yangu kwake ni kubwa, lakini haina pa kushika. Utamgombeza vipi mtu kwa kukusifu?

Kwako wewe ina pa kushika. Nimekuomba mistari miwili, umeniletea kurasa mbili na kitambaa. Tarehe hazikuchanganyi. Ni mwezi mzima wa pili, hauna hata siku nyingi. Andika.

Wifi yako


10 Juni

Wifi,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Nimekaa na barua yako hadi imechakaa. Wewe ukiandika unacheka, lakini mwenye kusoma anajua amepigwa. Kwa hiyo sasa mama yangu amekuwa kielelezo? Anabebwa ofisi hadi ofisi, alikuwa wapi, nani alimnyanyua, nani hakumnyanyua? Tangu umeingia kwetu wifi sijawahi kukuhesabia. Ulipomchukua mama nilishukuru hadharani na kwa siri. Lakini naona kumbe kila asubuhi ulipomnyanyua ulikuwa unaniwekea alama ukutani.

Wewe mwenyewe unasema kaka ndiye aliyeharibu. Basi atengeneze kaka, fundi ni yeye. Mimi nisiingizwe. Nikiandika, huyo mtu wako wa kalamu atapiga simu huku, ataulizia majirani, ataulizia mwenye nyumba. Unaujua mdomo wa mwenye nyumba wangu? Mimi nina wateja hapa, nina heshima. Sikatai kwamba mama alikuja kwetu. Alikuja. Waambie wewe. Mimi sitaandika.

Na tafadhali usimwulize mama chochote. Mwache apumzike.

Wifi yako


15 Juni

Wifi,

Hatujambo. Friji limeondoka, nyumba imekuwa kimya hadi tunasikiana mawazo.

Barua yako nimeisoma chali, nimeisoma ubavu, haikai. Mtu aliyemlea mamaye mwezi mzima haogopi majirani kuulizwa. Anaomba waulizwe. Angewapeleka kwa mwenye nyumba yeye mwenyewe, mbio, na saluni angeifunga.

Nimekumbuka kitu ambacho nilikitazama siku ile na sikukiona. Kabla hujamchukua mama, nilimsuka. Unajua kusuka kwangu, mistari inakwenda kama imetumwa dukani na kupotea njia. Uliwahi kuniambia nichague, ama nasuka nywele ama nasuka mkeka. Sasa, mama kakaa kwa msusi, mtu mwenye saluni yenye vioo na mashine, amerudi mwanzo wa Machi na mistari yangu ileile kichwani. Imefumuka, imekaa na vumbi, lakini ni yangu. Nikadhani umeniheshimu. Nilicheka hata, nikamwambia kaka yako, ona wifi ameogopa kugusa kazi ya fundi.

Nakuuliza mara moja. Mwezi ule mama alikuwa wapi?

Muda wangu unakwisha mwisho wa mwezi huu.

Wifi


22 Juni

Wifi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu utanisamehe.

Asubuhi ya kwanza nilitaka kumwogesha. Nilikuwa nimejitapa kwa kila mtu kwamba mama ataogeshwa na mkono aliouzaa. Nikamshika, nikamvuta, tukateleza wote wawili chini ya kitanda. Hakuumia. Alicheka hata, akaniambia, “Mwanangu, wifi yako anaanza kwa kupanga miguu yake kwanza.” Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa naye sakafuni, simwezi juu, simwachi chini, hadi nikasikia mtu anapita nikamwita. Mtu mgeni kabisa, akamkuta mama yangu vile.

Kesho yake nikampeleka kwa mama mmoja anayelea wazee, nyuma ya soko. Nilisema ni siku mbili hadi nipate msaidizi. Nilikwenda kumtazama. Kila nikiingia ananiuliza kama nimekuja kumchukua. Nikaanza kwenda mara mojamoja. Halafu nikawa natuma tu mtu wa kuulizia. Kaka alipopiga simu nikamwambia mama analala, anakula vizuri. Siku kaka alipokuja kumchukua nilimtoa kule alfajiri, nikamwogesha kitini, nikamvisha. Nywele sikuwahi.

Nilimwomba mama asiseme. Hakunijibu, alinipapasa mkono.

Kaka akijua hatanitazama tena, na wewe unalijua hilo. Barua hii ni yako sasa. Wape ukitaka. Yule mama wa nyuma ya soko namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi.

Mimi


8 Julai

Wifi,

Leo nimekaa kwenye kiti ninapoandika, na mkanda nimeufunga hadi tundu la mwisho. Mama mzima, kanenepa, kaka yako analalamika kila anapomgeuza na mama anamjibu kwamba yeye hakulalamika alipombeba tumboni. Hizo ndizo habari nzuri, nimeziweka mwanzo.

Barua yako iliponifikia niliiweka chini ya mto. Nililala juu yake na hasira mbili. Moja: kwamba ulimwacha mzee wa watu akihesabu nani anaingia mlangoni. Ya pili: kwamba umenipa mimi kisu nikishike, ili nikikitumia niwe mimi niliyekata. Nikikaa kimya, kazi imekwenda. Nikiitoa, kaka yako na dada yake basi. Nilikulaani, wifi, kwa sauti ndogo lakini kwa muda mrefu.

Kalamu Tatu alikuja mwenyewe siku ya mwisho wa mwezi, kumaliza jambo. Akakaa kiti kilekile. Safari hii kaka yako hakumsifu mtu, alisimama mlangoni kwangu kama askari aliyenyang’anywa bunduki.

“Lile neno umelipata?” Kalamu Tatu akaniuliza.

Nikapeleka mkono chini ya mto. Nitakwambia kweli, maana tumefika mahali pa kweli: sijui kama ningeitoa. Nadhani ningeitoa. Vidole vilikwisha kuigusa.

Sauti ikatoka ng’ambo ya ukuta. “Baba, wewe wa ofisini. Njoo huku.”

Kalamu Tatu akatutazama. Kaka yako akasema, “Mama, pumzika, tunaongea.”

“Nimepumzika tangu mwaka juzi. Aje.”

Akaenda. Ukuta wetu unaujua, hauzuii kitu. Tukasikia kiti kinavutwa, na mama anamwuliza watoto wake wangapi, wanasoma wapi, hadi nikataka kupiga ukuta. Kisha akasema, polepole kama anasoma redioni: “Mwezi wa pili huyu binti hakuninyanyua. Nilikuwa mji wa mwanangu wa kike, kwa mama mmoja nyuma ya soko, chumba kina dirisha lililopigiliwa misumari. Yule mama alikuwa ananiinua kwa kwapa. Kwapa zinauma hadi leo. Huyu wa hapa haumizi, anainama kwa magoti, ananiuliza kama niko tayari, nami namjibu ndipo tunakwenda. Kama mgongo wake umekatika kwa kumwinua mtu, basi mtu huyo alinyanyuliwa na watu wachache. Andika hivyo.”

“Na huyo mama wa sokoni anaweza kuulizwa?”

“Mwulize. Mwambie pia ang’oe ile misumari.”

Kaka yako aliteleza na ukuta hadi chini, akakaa sakafuni. Hakuuliza kitu. Hadi leo hajauliza, na mimi nakwambia hivyo ili usije ukadhani kimya chake ni msamaha. Namba ya yule mama nilimpa Kalamu Tatu, nimeinakili kwenye kipande kingine. Barua yenyewe sikumpa. Nimeichoma jikoni, na usinishukuru, nilichoma kwa hasira.

Wiki iliyopita wameniita. Kufukuzwa kumefutwa. Wodini sirudi, mgongo hauruhusu, wameniweka stoo ya mashuka, kwenye kiti, nakunja na kugawa. Hakuna aliyeniomba radhi. Metroni akaniambia, “Tumekusaidia.” Nikamwambia hamjanisaidia, mmerudisha kilicho changu, na hata hamjakirudisha chote. Halafu nikamwambia shuka la kumnyanyulia mgonjwa mzito halitoki stoo kwangu mpaka nione wahudumu wanne wamesimama mlangoni. Akasema nimepata cheo sasa. Nikasema ndiyo. Juzi walikuja watatu, nikawaambia warudi wakamtafute wa nne. Mgonjwa akasubiri kidogo. Wa nne akapatikana, na kumbe muda wote alikuwa kwenye ngazi anakunywa chai.

Sasa nikwambie kilichonikosesha usingizi, maana si wewe. Usiku ule mgeni alipoondoka, nilijikokota hadi kwa mama, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini miezi yote hiyo alijua na hakusema. Mimi nalia humu ndani, barua zinakwenda na kurudi, binti yake anasusa, mwanawe wa kiume anazungumza na mafriji. Nikamwuliza, ni kwa ajili ya wifi? Alikukataza?

“Aliniomba,” akasema. “Lakini sikumjibu.”

“Sasa kwa nini, mama?”

“Hamkuniuliza,” akasema. “Mlikuwa mnaongea ninyi. Mimi mlikuwa mnanigeuza tu.”

Miaka yote hiyo wodini, wifi, nikiwafundisha wasichana wapya kwamba mgonjwa anaulizwa kwanza, ndipo anaguswa.

Nilimtengenezea mto, nikarudi kitandani kwangu nikiwa nimekasirika na kila mtu aliye na miguu. Kwa hiyo hasira yangu kwako imepungua, si kwa sababu umestahili, ni kwa sababu sasa tunaigawana watu wengi.

Njoo mwezi ujao. Funga saluni, mashine zipoe. Mlango atakufungulia kaka yako au nitakufungulia mimi, na yeyote kati yetu atakayekuwa mlangoni, atakupokea vibaya. Utavumilia. Pita moja kwa moja, usianze kujieleza kwetu. Vuta kiti, kaa karibu na mama, umwulize anataka kukaa wapi, na kwa nani. Halafu unyamaze hadi amalize kujibu.

Wifi yako